Mali Bila Daftari: Habari za Mabomba Zihifadhiwe Wapi?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitumia kupamba insha. Leo, mpenzi msomaji, nataka tuichukue jinsi ilivyo, neno kwa neno. Nitazungumzia mali isiyoonekana kwa macho kwa sababu imefukiwa ardhini: mabomba ya mafuta, ya gesi na ya maji. Nitazungumzia pia daftari la mali hiyo, ambalo siku hizi aghalabu huwa ramani iliyo ndani ya tarakilishi. Swali langu ni moja tu: habari za bomba zihifadhiwe wapi?

Najua yupo mwenzangu atakayeguna na kusema, "Kwani si ziwekwe popote tu, mradi zipo?" Subiri kidogo, ndugu yangu. Mahali habari inapowekwa ndipo panapoamua kama itapatikana siku ya hatari, na kama itakuwa ya kweli. Jambo hili si mchezo.

MKASA WA SAN BRUNO

Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi lilipasuka katika mji wa San Bruno, jimbo la California, Marekani. Moto mkubwa ulizuka katikati ya mtaa wa makazi. Watu 8 walifariki na nyumba 38 ziliteketea. Kampuni yenye bomba hilo, Pacific Gas and Electric, ilichukua dakika 95 kuizuia gesi isiendelee kutoka.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walipokitazama kipande kilichopasuka, waliona ajabu. Katika mfumo wa ramani wa kampuni, kipande hicho kilichozikwa mwaka 1956 kiliandikwa kuwa ni bomba la inchi 30 lisilo na mshono, yaani ambalo halikulehemiwa kwa urefu wake. Lo! Bomba lenyewe lilikuwa na mshono, tena uliolehemiwa vibaya. Hapo ndipo lilipofumukia. Isitoshe, wachunguzi walieleza kuwa wakati huo viwanda vya Marekani havikuwa vikitengeneza bomba la upana huo bila mshono. Habari iliyokuwa kwenye ramani haikuwezekana hata kidogo, lakini hakuna aliyeshtuka.

Uwongo huo ulitoka wapi? Haukutoka kwa mhandisi aliyeliona bomba kwa macho yake. Ulitoka katika hati za uhasibu, ukanakiliwa kwenye karatasi za bomba, kisha ukaingizwa katika ramani ya tarakilishi. Huko ukapendeza kama mtu aliyevalia suti, na kila aliyeutazama akauamini. Mwaka 2011 kampuni ililazimika kukusanya masanduku kwa masanduku ya karatasi za zamani katika ukumbi mmoja karibu na San Francisco uitwao Cow Palace, wafanyakazi wakaanza kuzipekua wakitafuta ukweli kuhusu mabomba yao wenyewe. Mwaka 2015 wasimamizi wa huduma za umma wa California waliitoza kampuni adhabu ya dola bilioni 1.6.

Nimeanza na mkasa huu kwa sababu unaonyesha kiini cha mambo. Habari zilikuwepo, tena tele. Kilichokosekana ni makao yanayoeleweka: nani aliyeiandika kila habari, aliitoa wapi, na ni nakala ipi iaminiwe zikitofautiana.

HATA KWETU

Tusidhani kuwa haya ni ya ng'ambo peke yake. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Lilikuwa la inchi 14, na safari yake ilikuwa ya kilomita 450 hivi, likipitia vituo vya pampu kama vile Changamwe, Maungu, Mtito Andei na Sultan Hamud. Mwaka 1994 mabomba yalifikishwa Eldoret na Kisumu. Mwaka 2018 bomba jipya la inchi 20 lilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi kuchukua nafasi ya lile kuukuu. Kando ya mabomba haya kuna mashamba, shule, masoko na nyumba za watu.

Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja katika eneo la viwanda jijini Nairobi, ikaingia mtaroni na kufika kijiji cha Sinai. Moto ulilipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mwaka 2015 mafuta yalivuja tena, mara hii huko Thange, Makueni, yakaharibu mto na mashamba. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Ninalosema ni kwamba siku kama hiyo, mtu wa zamu hana muda wa kupekua kabati kumi. Anahitaji kujua papo hapo: vali ya karibu iko wapi? Ndani ya bomba mnapita nini? Ni nyumba ngapi zilizo kando? Majibu hayo sharti yawe yamepangwa kabla ya siku yenyewe.

BOMBA LISIKATWEKATWE KAMA MUWA

Hebu sasa tuingie ndani ya mfumo wenyewe. Mfumo wa ramani wa tarakilishi hufanya kazi kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Karatasi moja ina barabara, ya pili ina mito, ya tatu nyumba, ya nne mabomba. Kila karatasi huitwa tabaka. Nyuma ya kila mchoro kuna jedwali. Ukibonyeza mstari wa bomba, habari zake hufunguka: upana, unene, mwaka wa kuzikwa, aina ya chuma na kadhalika.

Anayeanza kazi hii hushawishika kuweka kila kitu ndani ya jedwali hilo moja. Hapo ndipo taabu inapoanza. Tuseme bomba lina unene wa milimita 8 kutoka mwanzo hadi kilomita ya 12. Linapovuka mto, unene unakuwa milimita 10 hadi kilomita ya 13, kisha unarudi kuwa 8. Itatubidi tuukate mstari vipande vitatu. Rangi ya kuzuia kutu nayo ilibadilishwa kutoka kilomita ya 11 hadi ya 20. Tukate tena! Aina ya udongo inabadilika kwenye kilomita ya 15. Tukate tena! Baada ya miaka michache bomba moja limekuwa kama muwa uliokatwakatwa sokoni, na kila kipande kinarudia habari za jirani yake. Ukirekebisha kipande kimoja ukasahau cha pili, tayari umezaa uwongo.

Njia iliyo bora ni kuuacha mstari ukiwa mzima, na kuandika habari zake katika majedwali ya pembeni kwa kufuata umbali. Jedwali la unene litasema: kutoka kilomita 0 hadi 12, milimita 8, kutoka 12 hadi 13, milimita 10. Jedwali la rangi litakuwa na mipaka yake, na la udongo vivyo hivyo. Halisumbui jedwali lingine. Tarakilishi ndiyo itakayopima na kuchora kila habari mahali pake. Ukitaka kujua ni wapi chuma chembamba kinapitia kwenye udongo mbaya, inalinganisha majedwali hayo mawili na kukupa jibu.

Jambo hili wala si geni kwetu. Mtu wa Eldoret akikuambia anakaa Maili Nne, amekupa anwani kwa njia hii hii: fuata barabara, hesabu maili nne, shuka.

Lakini umbali nao una hila zake. Bomba hupanda na kushuka vilima, ilhali ramani ni bapa. Chukua mteremko ambao kwenye ramani una urefu wa mita 1200, na kimo chake ni mita 350. Hapa tumwite Pythagoras tuliyefundishwa darasani. Zidisha 1200 kwa 1200, zidisha 350 kwa 350, jumlisha, kisha utafute kipeuo cha pili. Utapata 1250. Bomba limezidi ramani kwa mita 50, na huo ni mteremko mmoja tu! Kifaa cha ukaguzi kinachosukumwa ndani ya bomba kitasema ufa uko mita 1250, na anayepima kwenye ramani bapa atachimba mbele au nyuma ya ufa. Kwa hiyo kila jedwali ni lazima liseme umbali wake ulipimwa vipi.

Hila ya pili ni bomba kuhamishwa. Tuseme barabara mpya inajengwa, na kwenye kilomita ya 40 bomba linazungushwa, likaongezeka mita 300. Je, nambari zote kuanzia hapo hadi mwisho zibadilishwe? Na vigingi vyenye nambari vilivyosimikwa njiani ving'olewe? La, hasha. Wazoefu huziacha nambari za zamani zibaki kama majina ya mahali, huandika pale nyongeza ilipoingia, na kuweka kando umbali mpya. Zaidi ya hayo, kila vali na kila kiungo hupewa latitudo na longitudo yake, ili umbali ukigombana na ardhi kuwe na shahidi wa pili.

SI KILA HABARI NI YA RAMANI

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa ramani inapendeza, basi kila kitu kimiminwe humo: bei ya bomba, tarehe za matengenezo, vyeti vya walehemu, hata shinikizo la mafuta linalosomwa kila sekunde chache. Huko ni kumtwika punda mzigo wa lori.

Tazama habari zako mwenyewe hapa shuleni. Bwana mhasibu ana habari za karo yako. Mwalimu wa darasa ana alama zako. Muuguzi wa zahanati anajua ulivyougua malaria. Hakuna anayeandika ya mwenzake, lakini wote wanatumia nambari yako ya usajili. Umehama kutoka Kidato cha Pili hadi cha Tatu, umebadilisha bweni, nambari ni ile ile. Mwalimu mkuu akitaka kukujua vizuri, kwa nambari hiyo atazikusanya habari zote mezani pake.

Bomba nalo linahitaji vivyo hivyo. Kila kipande, kila vali na kila pampu ipewe nambari ya utambulisho isiyobadilika. Nambari hiyo isitiwe jina la mtaa wala upana wa bomba, kwa maana bomba likibadilishwa, nambari yenyewe itakuwa inasema uwongo. Kisha kila habari itafutiwe makao yake kwa kuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: je, habari hii inategemea mahali? Unene, udongo, nyumba zilizo kando na mahali pa vali ni mambo ya mahali. Makao yake ni mfumo wa ramani, pamoja na yale majedwali ya umbali.

Swali la pili: inabadilika kwa kasi gani? Shinikizo linalobadilika kila wakati likae katika mitambo ya chumba cha udhibiti. Ramani ichungulie tu na kuonyesha kipimo cha mwisho pamoja na saa yake. Cheti cha mlehemu hakibadiliki milele, kwa hiyo kikae katika hifadhi ya hati kikiwa kimepigwa picha, na ramani iwe na kiungo cha kukifungua.

Swali la tatu, na ndilo kubwa: ni nani anayeijua habari hii kwanza, na ni nani mwenye wajibu wa kuisahihisha? Mafundi ndio wanaojua vali imekarabatiwa lini. Basi tarehe hiyo ikae katika daftari la matengenezo wanalolijaza kila siku. Mhasibu ndiye anayejua bei. Lakini mhasibu asiwe ndiye msemaji wa mwisho kuhusu mshono wa bomba! Tumeona San Bruno matokeo yake.

Kwa ufupi, kila habari iwe na nyumba moja na madirisha mengi. Watu wote waione kupitia madirisha yao, lakini itengenezwe nyumbani kwake peke yake. Wala hatuhitaji kuanza kutoka sifuri. Ipo mipango iliyokwisha kuandaliwa ya kupanga majedwali ya aina hii, kama ule uitwao PODS ambao kampuni za mabomba za nchi mbalimbali huutumia.

FAILI AU KANZIDATA?

Baada ya kujua habari ipi ikae wapi, linabaki swali la chombo chenyewe. Ofisi ndogo huanza na faili katika tarakilishi moja. Hakuna ubaya kwa kuanzia. Ubaya huja faili inapogawanywa kwa flashi. Leo kuna "ramani mpya", kesho "ramani mpya sana", keshokutwa "ramani mpya ya mwisho kabisa". Watu sita wana ramani sita, na kila mmoja anaapa kuwa yake ndiyo sahihi.

Faili nyingine zina mipaka yake pia. Aina iitwayo Shapefile, inayotumika sana tangu miaka ya tisini, haikubali jina la safu lipite herufi 10, na sehemu zake haziruhusiwi kuzidi gigabaiti 2. Ukiandika "unene_wa_bomba", itakuwa "unene_wa_b". Ukiandika "unene_wa_bati", itakuwa vile vile, au itatiwa nambari ya ovyo mwishoni. Anayekuja baadaye atajuaje ipi ni ipi? Aina mpya zaidi, kama GeoPackage iliyoidhinishwa mwaka 2014, haina kasoro hiyo. Kazi ikikua na watu wakiwa wengi, ni heri kutumia kanzidata, yaani ghala moja la habari ambamo wote wanaingia kwa ruhusa, na kila badiliko linaweza kuandikwa jina la aliyelifanya na siku aliyolifanya. PostGIS ni programu moja ya kazi hiyo, na haiuzwi, hutolewa bure.

Popote pale habari zitakapowekwa, ziandamane na maelezo ya vipimo vyake. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya kisasa vya setilaiti hutumia WGS84. Vali moja, kwa misingi hiyo miwili, hutofautiana kwa mita 300 hivi. Hebu fikiria kuchimba shimo mita 300 mbali na vali, na huku maji au mafuta yanamwagika! Neno moja dogo, "Arc 1960", lingaliwaokoa wachimbaji jasho lote hilo. Na pawepo pia nakala ya akiba katika jengo lingine, maana moto na mafuriko havibishi hodi.

HABARI ZILIZOMO KICHWANI

Kuna ghala moja ambalo sijalitaja, nalo ndilo linalotumika zaidi vijijini: kichwa cha fundi. Mjomba wangu ni fundi katika mradi mmoja wa maji, na likizo ya Agosti nilifuatana naye kazini. Siku moja bomba lilipasuka. Nikamwuliza, "Mjomba, vali ya kufungia iko wapi?"

Akanijibu bila kusita, "Hatua ishirini kutoka kwenye mwembe, mjomba."

Nikatazama huku na huku. Sikuona mwembe. "Mwembe gani?"

"Ule uliokatwa mwaka ule wa njaa," akasema, akaanza kuhesabu hatua. Alipochimba, vali ilikuwa papo hapo.

Nilicheka, lakini baadaye nilinyamaza nikiwaza. Ramani ya mjomba ilikuwa sahihi kuliko nyingi za tarakilishi. Shida ni kwamba haina nakala. Siku mjomba atakapostaafu, au Mungu apishe mbali, atakapougua, mradi mzima utaachwa na mabomba bila daftari, na mwembe haupo wa kuulizwa. Nilimwomba tutembee pamoja jioni hiyo na simu yangu, tukaandika latitudo na longitudo za vali kumi na moja, kila moja na nambari yake, tarehe, na jina la aliyetuonyesha. Kwa sasa zimo katika daftari la mazoezi na katika faili moja, na meneja wa mradi amepewa nakala ya kuingiza katika kumbukumbu za ofisi. Si kanzidata, lakini kila vali ina nyumba yake, na anayejua habari ametajwa.

Wenzangu, nasi tunaishi juu ya mabomba. Maji tunayooga asubuhi yanapitia chini ya uwanja wa gwaride na jikoni, na vali zake anazijua fundi wetu mmoja tu wa shule. Naiomba klabu yetu ishirikiane na ile ya Jiografia. Jumamosi moja baada ya usafi tumfuate fundi huyo, tuandike kila vali na kila kiungo, tukubaliane nani atakuwa mwenye kusahihisha kumbukumbu, na tuzihifadhi ofisini badala ya kwenye simu ya mtu. Walimu wakituruhusu, katika toleo lijalo la jarida hili tutachapisha ramani yenyewe. Hadi hapo, naweka kalamu chini.